Robert Koch na homa ya mkojo mweusi pwani kwetu

Wadau, Robert Koch wengi tunamjua kwenye vitabu vya bayolojia tu, yule Mjerumani wa kifua kikuu. Kumbe jamaa aliwahi kuishi na kufanya kazi hapa hapa pwani, na moja ya mambo aliyoyachunguza ni ugonjwa unaoua figo.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi. Akasomea udaktari, akapangiwa kazi kwenye kamji kadogo. Huko, bila maabara ya maana, mwaka 1876 alionyesha kijidudu kinacholeta kimeta. Tarehe 24 Machi 1882 akatangaza Berlin kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Jina likapaa.

Lakini alikuwa na pupa. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, huku akificha imetengenezwa na nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine walikufa.

Mwaka 1897, akitokea India kuchunguza tauni, akashuka Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa wameshahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo tangu 1891. Kilichowatia hofu ni homa ya mkojo mweusi: mtu ana malaria, ghafla chembe nyekundu za damu zinapasuka kwa wingi, rangi yake inapita kwenye figo, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa. Figo zikiziba, mkojo unakata kabisa. Hapo ni siku chache tu, mtu anakwenda.

Koch akakaa na hadubini yake. Kwenye damu ya wengi wa wagonjwa hao hakuona vijidudu vya malaria. Akasema mchawi ni kwinini, dawa ile ile waliyokuwa wakiimeza. Madaktari wengi walimpinga. Leo inajulikana alipata nusu ya ukweli: malaria yenyewe imo, ila kumeza kwinini leo na kuacha kesho kulichangia sana. Ugonjwa ulipungua mno baada ya dawa nyingine kuchukua nafasi ya kwinini.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Mtu aliyeonya kwamba dawa inaweza kudhuru, mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale. Alidunga watu atoksili, dawa yenye arseniki. Ilipoonekana vijidudu vinarudi, akaongeza dozi. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, moja kwa moja. Hao walikuwa Waafrika chini ya wakoloni. Nani angewauliza kama wanakubali?

Koch alikuwa ameshapata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden. Majina ya waliopofuka Ssese hatufundishwi shuleni.

Kwa nini nawaletea habari hii? Kwa sababu utafiti haujaondoka pwani. Pale Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki kujaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, na baadaye R21. Shirika la Afya Duniani liliipitisha ya kwanza mwaka 2021 na ya pili 2023. Tofauti ni kwamba siku hizi mzazi lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, akubali kwa saini au dole gumba, na anaweza kumtoa mtoto wakati wowote bila kunyimwa matibabu.

Haki hiyo ilikuja baada ya watu wengi kuumia, kwa hiyo tuitumie. Ukiitwa kwenye utafiti, uliza: dawa gani, madhara yake nini, nikiumia nani ananitibu? Na wale wa kumeza vidonge viwili vya malaria halafu kuacha, nanyi mjiangalie.

Haya wadau, nyie mngekubali kujaribiwa dawa mpya? Tiririkeni hapo chini.