Profesa Abdus Salam, Mlezi wa Watafiti Vijana

Msomaji mpendwa, kama wakaa Themi, au katika kata nyingine yoyote ya mji wa Arusha, bila shaka umesikia habari za chuo kilichoko Tengeru, chini ya Mlima Meru, kando ya barabara iendayo Moshi. Hiyo ndiyo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Chuo hicho hakipokei vijana waliotoka sekondari, bali wale waliokwisha pata shahada ya kwanza na sasa wanatafuta uzamili au udaktari.

Watu wengi hudhani kwamba mwanafunzi aliyefikia daraja hiyo hahitaji tena mlezi. Sivyo hata kidogo. Yeye ndiye mwenye kuhitaji zaidi, kwani vitabu vya darasani vimemwishia, na swali analoliuliza halina jibu lililoandikwa mahali popote. Akikosa mwalimu wa kumsahihisha, mkutubi wa kumtafutia majarida, fundi wa maabara wa kumtengenezea vyombo, na karani wa kuangalia fedha zake za masomo zisichelewe, basi akili yake, hata iwe kali namna gani, itafifia kama taa iliyokosa mafuta.

Kwa ajili hiyo yafaa uyajue maisha ya Profesa Abdus Salam. Wengi wamjua kwa Tuzo ya Nobel aliyoipata. Wachache wajua kwamba karibu nusu ya umri wake aliitumia kuwatafutia wasomi wa nchi maskini mahali pa kukaa, vitabu vya kusoma, na wenzao wa kuzungumza nao.

Alizaliwa tarehe 29 Januari 1926 katika jimbo la Punjab, akakulia katika mji mdogo wa Jhang, ambao leo umo nchini Pakistan. Baba yake, Chaudhry Muhammad Hussain, alikuwa mtumishi wa idara ya elimu, mtu mcha Mungu na wa kipato kidogo. Mwaka 1940, kijana huyu akiwa na miaka 14 tu, alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab akapata alama ambazo hakuna aliyepata kuzifikia kabla yake. Aliporudi mjini kwao kwa baiskeli, watu walitoka kumlaki, na hata wenye maduka wa Kihindu, ambao saa ile ya jua kali walizoea kufunga, walisimama milangoni kumheshimu.

Zingatia sasa, ndugu msomaji, jinsi kila hatua ya mwanafunzi huyu ilivyoshikwa na mkono wa mtu mwingine. Alipomaliza shahada yake ya uzamili huko Lahore mwaka 1946, palikuwapo fedha zilizokusanywa kwa ajili ya vita. Vita vilipokwisha, zilitengwa ziwasomeshe watoto wa wakulima wadogo. Salam alipata msaada huo akasafiri mwaka uleule kwenda Cambridge. Wenzake waliambiwa wangoje mwaka unaofuata. Lakini mwaka 1947 Bara Hindi liligawanyika, na misaada ile ikapotea. Angalichelewa kwa msimu mmoja tu, pengine dunia isingalimsikia kamwe.

Alipofika bandari ya Liverpool, kulikuwa na baridi kali naye hakuwa na koti la kufaa. Alikutana pale na Sir Muhammad Zafrulla Khan, aliyekuwa jaji wa mahakama kuu ya Bara Hindi, na ambaye baadaye alikuwa Rais wa Mahakama ya Kimataifa. Mtu huyo mkubwa alimvisha koti lake mwenyewe, akamsaidia kubeba sanduku zito la vitabu. Mtoto wa watu hakusahau jambo hilo mpaka mwisho wa maisha yake.

Katika Cambridge alipata shahada ya hisabati na fizikia kwa daraja la juu kabisa mwaka 1949, kisha akaanza utafiti wa udaktari. Mwalimu wake, Nicholas Kemmer, alikuwa amejaa wanafunzi, akamwelekeza kwa mtafiti kijana aliyekuwa akimaliza, Paul Matthews. Matthews alimpa Salam tatizo moja gumu lililobaki katika kazi yake mwenyewe, kwa sharti kwamba asipolimaliza katika miezi michache litarudi kwa mwenyewe. Salam alimwendea Freeman Dyson, aliyekuwa karibu kuondoka Uingereza kwenda Marekani, ili aulize yale aliyohitaji kuyajua. Dyson hakumficha kitu. Alimwambia wazi kwamba sehemu iliyoaminika kuwa imethibitishwa ilikuwa bado ni dhana tu. Salam akakaa chini akaithibitisha, na kazi ile ilimpatia sifa duniani kabla hajatimiza miaka 26. Waona basi kwamba mafanikio yale yalikuwa ya mtu mmoja, lakini ufunguo ulitoka mikononi mwa watatu.

Mwaka 1951 alirudi kwao akiwa na nia njema ya kufundisha. Alifanywa profesa wa hisabati katika Lahore. Lakini alikuta nini? Hapakuwa na majarida mapya ya fizikia, wala mtu wa kujadiliana naye, wala nafasi ya kuhudhuria mikutano. Mkuu wa chuo alimtaka asahau utafiti, akampa achague mojawapo ya kazi tatu za ziada: kuangalia bweni, kutunza hesabu, au kusimamia timu ya kandanda. Alichagua kandanda. Kisha mwaka 1953 zikazuka ghasia katika Lahore dhidi ya Waahmadiyya, naye alikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo alipofikia njia panda iliyoumiza moyo wake. Akibaki, fizikia ingemfia mikononi; akiondoka, angekuwa ameikimbia nchi iliyomsomesha. Mwaka 1954 aliondoka kwenda kufundisha Cambridge, na mwaka 1957 akawa profesa katika Imperial College, London. Lakini aliondoka na nadhiri moyoni: kwamba atafanya kila awezalo ili msomi mwingine wa nchi maskini asilazimike kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake.

Nadhiri ile aliitekeleza hivi. Mwezi wa Septemba 1960, akiwa mjumbe wa Pakistan katika mkutano wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, Vienna, alitoa shauri kwamba kijengwe kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kwa ajili ya wasomi wa nchi zinazoendelea. Wakubwa wengi walilikataa. Mjumbe mmoja wa nchi tajiri alidai kwamba fizikia ya nadharia ni kama motokaa ya fahari, na mataifa haya yanahitaji magari ya kukokotwa na ng'ombe tu. Salam hakukubali kwamba akili za watu hugawanywa kwa utajiri wa nchi zao. Alipiga hodi mlango baada ya mlango. Shirika lenyewe lilitoa dola 55,000 tu za kuanzia. Ni serikali ya Italia iliyotoa sehemu kubwa ya fedha pamoja na mahali, kwa jitihada ya Profesa Paolo Budinich wa mji wa Trieste. Kituo kilifunguliwa mwaka 1964, na Salam akawa mkurugenzi wake tangu mwaka huo mpaka 1993.

Katika kituo hicho aliweka utaratibu mmoja ambao ndio kiini cha habari hii. Msomi aliyekwisha pata udaktari na kurudi kufundisha kwao aliteuliwa kuwa mshirika wa kituo kwa muda wa miaka kadhaa. Katika muda huo aliweza kwenda Trieste mara tatu, kila mara kwa wiki sita hadi miezi mitatu, kwa gharama ya kituo. Alichotakiwa ni kuandika barua ya kuarifu atakuja lini. Akifika alikuta chumba, meza, maktaba yenye majarida yote, na wenzake wa kutoka pande zote za dunia. Kisha alirudi kwa wanafunzi wake akiwa amejaa tena. Kwa njia hiyo hakulazimika kuhama nchi, wala elimu yake haikuota kutu. Waalimu wa vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda ni miongoni mwa walionufaika kwa utaratibu huo. Kazi ile haikuwa ya maprofesa peke yao. Walikuwapo makarani wa kushughulikia viza na tikiti, wakutubi, na watunza nyumba za wageni. Bila hao, shauri lote lingebaki maneno juu ya karatasi.

Wala usidhani kwamba ulezi huu ulimzuia asifanye utafiti wake mwenyewe. Aliamini kwamba Muumba ni Mmoja, na kwa hiyo alitazamia kuona umoja katika maumbile. Katika miaka ya 1967 na 1968 alieleza kwamba nguvu ya umeme na sumaku, pamoja na ile nguvu dhaifu iliyomo ndani ya kiini cha atomu, ni matawi mawili ya shina moja. Majaribio ya Geneva ya mwaka 1973 yaliunga mkono nadharia hiyo, na mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Ndiye Mwislamu wa kwanza kuipata katika sayansi. Sehemu yake yote ya fedha za tuzo aliitoa kwa ajili ya wanafizikia wa nchi zinazoendelea. Yeye na jamaa zake hawakutumia hata senti moja. Na mwaka 1981 alikwenda Calcutta kumtafuta mwalimu wake wa hisabati wa ujanani, Mhindu aitwaye Anilendra Ganguly, aliyekuwa mzee mgonjwa kitandani, akamkabidhi nishani ile mkononi kwa heshima.

Mwaka 1974 bunge la Pakistan lilitangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Salam alijiuzulu ushauri wake wa sayansi kwa serikali. Lakini vijana wa Pakistan waliokwenda Trieste aliendelea kuwapokea kama watoto wake, bila kuuliza dhehebu la mtu. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah karibu na wazazi wake. Hata juu ya kaburi lake neno Mwislamu lilifutwa kwa amri ya wenye mamlaka. Kituo cha Trieste kikaitwa kwa jina lake mwaka 1997, na mwaka 2018 ukafunguliwa mjini Kigali, Rwanda, mshirika wake wa Afrika Mashariki, ambapo vijana wetu husomea uzamili na udaktari.

Basi, ndugu msomaji, uyapime maisha haya. Anayeuliza kama dini na elimu vyaweza kukaa pamoja, na atazame. Na wewe unayefanya kazi chuoni, pengine Tengeru kwenyewe, ukipokea faili la mwanafunzi, ukimfungulia maktaba au ukimtengenezea mashine, usiidharau kazi yako. Hujui ni nani aliyesimama mbele ya meza yako. Koti moja lililovishwa kijana bandarini mwaka 1946 limewapa joto watu wengi ambao mwenye kulitoa hakupata kuwaona.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuwafungulia wengine milango ya elimu. Amin.