WILLIAM COWPER: MGONJWA ALIYELEA SUNGURA

Sungura tunayemjua katika hadithi za nyanya zetu ni yule mjanja anayemchezea fisi shere na kumwacha kwenye mataa. Leo nataka nikujuze kuhusu sungura wengine, sungura mwitu watatu wa kweli walioishi ndani ya nyumba ya mshairi mmoja wa Uingereza zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Mshairi huyo ni William Cowper. Jina lake kwa kawaida hutamkwa Kuper. Alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni ule ambao wengi wetu huogopa hata kuutaja: ugonjwa wa akili.

Cowper alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka wa 1731 huko Berkhamsted, mji ulio karibu na London. Babake alikuwa kasisi. Mamake alifariki mwaka wa 1737, mtoto akiwa hata hajatimiza miaka sita. Muda si muda akapelekwa shule ya bweni, na huko akakutana na mvulana mkubwa aliyemtesa kupita kiasi. Maskini Cowper! Alimwogopa mvulana yule hata asithubutu kumtazama usoni. Alimtambua kwa bizimu za viatu vyake. Mwishowe mambo yalifichuka na mtesi akafukuzwa shule, lakini kovu lilibaki. Nyinyi mnaowahangaisha wadogo bwenini, sikieni hayo.

Baadaye alisoma shule ya Westminster jijini London, kisha akasomea sheria. Mwaka wa 1763 jamaa zake walimtafutia kazi nzuri ya ukarani katika Bunge la Uingereza. Wengi wetu tungeruka kwa furaha. Kumbe kwake ilikuwa balaa! Alitakiwa kwanza ahojiwe Bungeni, na hofu ya siku hiyo ikamvuruga akili hata akajaribu kujitoa uhai. Akapelekwa mji wa St Albans, kwa daktari mmoja mpole aliyeitwa Nathaniel Cotton, akauguzwa huko hadi mwaka wa 1765.

Alipopata nafuu alikaribishwa na familia ya kasisi Unwin. Mwaka wa 1767 kasisi huyo alianguka kutoka kwenye farasi akafa. Mjane wake, Mary Unwin, pamoja na Cowper wakahamia mji mdogo wa Olney, karibu na rafiki yao kasisi John Newton. Newton huyu zamani alikuwa nahodha wa meli za kubeba watumwa, kisha akaigeukia dini. Yeye na Cowper walitunga kitabu cha nyimbo za kanisa kilichotolewa mwaka wa 1779. Wimbo mmoja wa Cowper, ule wa chemchemi ya damu ya Imanueli, umetafsiriwa kwa Kiswahili na huimbwa makanisani humu nchini. Wengi huuimba bila kujua mtungaji alikuwa nani na alipitia nini.

Mwaka wa 1773 ugonjwa ulirudi kwa kishindo. Cowper aliamini kwamba Mungu mwenyewe amemtupa. Hakuweza kusoma, wala hakutaka wageni. Mary alimuuguza usiku na mchana. Mwaka uliofuata alianza kupata nafuu kidogo nyumbani, lakini alihitaji kitu cha kuishughulisha akili bila kuichosha. Ndipo wakaja sungura.

Ilikuwa hivi. Watoto wa jirani walikuwa wamepewa kitungule. Kama mjuavyo watoto, walikichezea wakakichoka, na chakula hawakujua wakipe nini. Kikawa kinakonda kila siku. Baba yao akaona heri ampe Cowper. Habari zikaenea mjini kwamba bwana yule anapenda sungura, basi kila mtu akawa analeta chake! Lau angewapokea wote angejaza boma zima. Alichukua watatu tu, akawaita Puss, Tiney na Bess. Kichekesho ni kwamba majina mawili kati ya hayo ni ya kike, ilhali wote watatu walikuwa madume.

Mtu aliyekuwa hawezi hata kufungua kitabu akashika nyundo na msumeno. Alimjengea kila sungura chumba chake cha kulala, chenye sakafu ya kupitisha uchafu na chombo cha udongo chini yake. Chombo hicho kilimwagwa na kuoshwa, nyumba isinuke. Mchana sungura waliachwa watembee ukumbini, usiku kila mmoja kitandani pake.

Na chakula je? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sungura hula jioni na usiku. Basi kila jioni Cowper alikata mkate vipande vidogo vidogo, akajaza chombo na kukiweka vyumbani mwao. Aliwapa pia saladi na majani machungu ya mwituni, mfano wa mchunga wetu. Lakini Uingereza si kama kwetu. Enzi hizo majira ya baridi yalipofika, mboga za majani hazikupatikana. Wakati huo aliuchanganya ule mkate na karoti iliyokatwa nyembamba, akaongeza maganda ya tofaa. Maganda, si tofaa lenyewe, maana aligundua kwamba ganda wanalipenda lakini nyama yake inawachukiza. Mambo kama hayo huyajui mpaka ukae na mnyama na kumtazama kwa makini.

Bess hakuishi sana. Alirudishwa chumbani mwake kilipokuwa kimeoshwa na hakijakauka, akafa kwa ule unyevu. Tiney alibaki mkali siku zote. Ukimgusa anaunguruma, anakupiga kwa miguu ya mbele, hata kuuma. Aliishi miaka minane na zaidi, na Cowper alimlisha vilevile. Puss ndiye aliyekuwa rafiki. Alilala magotini pa bwana wake, na akitaka kwenda bustanini alimvuta koti kwa meno. Siku moja Puss aliugua. Cowper, mgonjwa, akamuuguza mgonjwa mwenzake kwa siku tatu. Alipopona alimlamba Cowper mkono wote, mbele, nyuma na kati ya kila kidole. Puss alikufa kwa uzee mwezi wa Machi 1786, akiwa karibu miaka 12.

Je, sungura walimponya Cowper? La, tusidanganyane. Ugonjwa wake ulimrudia mara kadhaa hadi kufa kwake. Lakini nafuu ile ilizaa matunda. Mary alimhimiza atunge mashairi, na mwaka wa 1782, akiwa na miaka 50, akatoa kitabu chake. Mwaka wa 1784 aliandika habari za sungura wake katika jarida moja la London. Mwaka wa 1785 likatoka shairi lake refu, The Task, ambamo alilaani mchezo wa kuwinda sungura. Mwaka wa 1788 alitunga mashairi ya kupinga biashara ya watumwa. Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 1807, naye akiwa kaburini.

Mary alipopooza, Cowper naye alimtunza mpaka alipofariki mwaka wa 1796. Yeye mwenyewe aliaga dunia tarehe 25 Aprili 1800 huko East Dereham. Ile nyumba ya Olney ilifanywa makumbusho mwaka wa 1900.

Wanafunzi wenzangu, kuna wakati mwenzetu hurudi shuleni baada ya kuugua kichwa. Sisi humwita kichaa, tukahama dawati lake. Jirani wa Cowper hakufanya hivyo. Alijua bwana yule ni mgonjwa, lakini alimkabidhi kiumbe hai akitunze. Basi mwenzako akirudi, usimkimbie. Daktari ana kazi yake, nawe una yako. Kama zamu yako ni kumwagilia miche au kulisha sungura wa chama cha kilimo, mwombe mwende pamoja, na siku nyingine mwachie yeye ndoo.