Alfred Binet na Kipimo Kilichomponyoka

Mwanafunzi wa ualimu katika vyuo vikuu vyetu hukutana na jina la Alfred Binet mapema sana, aghalabu katika mstari mmoja wa kitabu cha saikolojia, kisha hulipita kama apitaye kaburi asilolijua mwenyewe. Mstari huo humwambia kwamba Binet ni Mfaransa aliyebuni kipimo cha kwanza cha akili kilichofaa kutumiwa. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kipimo chake ndicho chimbuko la majaribio ambayo katika nchi nyingi huamua ni mtoto gani atakayepokelewa katika shule ya fahari au darasa la wenye vipawa, na ni yupi atakayeambiwa ajaribu bahati yake kwingine. Ilhali mwenyewe alikibuni kwa ajili ya mtoto aliyeshindwa, wala si kwa ajili ya kumsaka mshindi. Makala haya yanamsimulia mtu huyo kwa kadiri nafasi inavyoruhusu.

Binet alizaliwa tarehe 8 Julai 1857 katika mji wa Nice, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ufalme wa Sardinia. Ufaransa iliupata miaka mitatu baadaye. Baba yake alikuwa daktari, mama yake mchoraji. Wazazi hao walitengana na mtoto akalelewa na mama. Inasimuliwa kwamba baba, kwa nia ya kumtoa mwanawe uoga, alimlazimisha aiguse maiti, na kwamba hofu ya siku hiyo haikumtoka. Iwapo kisa hicho ndicho kilichomfanya aiche taaluma ya udaktari, hatuwezi kukata kauli. Lililo bayana ni kwamba alihamia Paris na mama yake, akasoma katika shule ya Louis-le-Grand, akahitimu sheria mwaka wa 1878, akaanza masomo ya udaktari na kuyatupa. Saikolojia hakufundishwa na mtu. Alijisomea katika Maktaba ya Taifa, kitabu baada ya kitabu, na mwalimu wake mkuu katika miaka hiyo alikuwa Mwingereza John Stuart Mill, ambaye hakuwahi kuonana naye.

Mtu aliyejifunza peke yake huwa na kiu ya bwana wa kumfuata. Mwaka wa 1883 Binet alimpata Jean-Martin Charcot, daktari mashuhuri wa hospitali ya Salpêtrière, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa neva na kuwatia katika hipnosi, yaani ule usingizi uletwao na maneno ya mtaalamu. Binet na mwenziwe Charles Féré walitangaza ugunduzi wa ajabu: kwamba sumaku ikiwekwa kando ya mgonjwa aliye katika usingizi huo, ganzi au kupooza kwa mkono wa kulia huhamia wa kushoto. Mbelgiji mmoja, Joseph Delboeuf, alisafiri hadi Paris kujionea, akagundua jambo lililomshangaza zaidi ya sumaku zenyewe. Wataalamu walikuwa wakizungumza waziwazi mbele ya mgonjwa kuhusu matokeo waliyoyatarajia. Mgonjwa alisikia, akatenda. Sumaku haikuwa imefanya lolote.

Binet alijitetea kwa ukali, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 akakiri mbele ya kadamnasi kwamba alikuwa amepotoka. Hapo alikuwa amekwisha kuondoka Salpêtrière, sifa yake ikiwa imetiwa doa. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba aibu hiyo ndiyo iliyomfanya Binet kuwa mwanasayansi. Tangu siku hiyo aliliogopa tarajio la mpimaji kuliko alivyoogopa ujinga wa mpimwa, na mwaka wa 1900 alichapisha kitabu kizima juu ya kushawishika, akionyesha jinsi watoto wa shule wanavyovutwa na swali la mwalimu hadi wakaona kisichokuwapo.

Katika miaka hiyo ya kukaa bila kazi maalum, maabara yake ilikuwa nyumba yake. Alikuwa amemwoa Laure Balbiani, binti wa mtaalamu wa elimuviumbe, mwaka wa 1884, nao wakajaliwa mabinti wawili, Madeleine na Alice. Baba aliwatazama kama mvuvi atazamavyo maji. Walipokuwa wakijifunza kutembea, aliona kwamba Madeleine hakuiacha nguzo aliyoishikilia mpaka awe ameipata nyingine kwa macho, ilhali Alice alijitosa katikati ya chumba bila kuwaza ataangukia wapi. Miaka ikapita, akawapa jani la mti walieleze. Mmoja alilihesabu na kulipima kwa maneno, sehemu kwa sehemu. Mwingine aliliona jani akaanza kuota. Mwaka wa 1903 alichapisha uchunguzi huo katika kitabu alimowaita Marguerite na Armande. Mabinti hawa walikuwa wa baba mmoja, mama mmoja na meza moja ya chakula, wote werevu, lakini werevu wao haukufanana. Anayetaka kujua kwa nini Binet hakuamini kwamba akili ni kitu kimoja kinachoweza kubebwa na nambari moja, asiende mbali na sebule hiyo.

Udadisi wake haukuwa na mipaka. Aliwachunguza watu waliokokotoa hesabu ndefu kichwani na wachezaji wa sataranji waliocheza bila kuutazama ubao. Laiti angalifika Lamu, pengine asingalibanduka kwenye baraza za bao. Mwaka wa 1891 alikutana na Henri Beaunis katika kituo cha gari moshi, akaomba nafasi katika maabara ya saikolojia ya Sorbonne, akapewa bila mshahara. Baadaye akawa mkurugenzi wake, na mwaka wa 1895 jarida la L'Année psychologique likaanza kutoka chini ya uhariri wake. Hata hivyo, kiti cha uprofesa alichokitamani mjini Paris hakukipata kamwe.

Alipima hata vichwa. Wataalamu wengi wa zama zile waliamini kwamba kichwa kikubwa ndicho chenye akili nyingi, na Binet alianza akiamini vivyo hivyo. Akapita shuleni na vyombo vyake, akiwapima wanafunzi bora na wale wa mkia. Tofauti aliyoipata ilikuwa ndogo mno, ya takriban milimita moja. Tena, yeye na msaidizi wake Théodore Simon walipovipima vichwa vilevile, vipimo vyao havikulingana, naye Binet akatambua kwamba mkono wake ulikuwa ukielekea kule ambako dhana yake ilitaka uelekee. Sumaku za Salpêtrière zilikuwa zimerudi kwa sura nyingine. Safari hii aliziona mwenyewe, akaziacha.

Sasa tufikie mwaka wa 1904. Sheria ya 1882 ilikuwa imewalazimisha watoto wote wa Ufaransa kusoma tangu umri wa miaka 6 hadi 13. Sisi tuliyashuhudia yaliyotokea hapa Kenya mwaka wa 2003, ada za shule za msingi za umma zilipoondolewa na madarasa yakafurika, kwa hiyo twaweza kuelewa: watoto ambao zamani wangebaki nyumbani sasa walikuwa madarasani, na baadhi yao hawakuweza kufuata masomo. Serikali ikaunda tume ya kushauri namna ya kuwasaidia, na Binet akawa mjumbe wake. Swali lililomsumbua lilikuwa hili: nani ataamua ni mtoto gani apelekwe katika darasa maalum? Mwalimu angeweza kumsukumia huko mtukutu ili apate kupumua. Madaktari nao hawakuaminika. Binet na Simon walionyesha kwamba mtoto yuleyule alipewa jina hili la ugonjwa katika hospitali moja na jina jingine katika hospitali ya pili siku chache baadaye. Naye mtoto aliyebandikwa jina hilo angeishi nalo.

Jibu lao lilitoka mwaka wa 1905: majaribio 30 yaliyopangwa kuanzia jepesi hadi gumu. Mtoto afuate kwa macho kiberiti kinachowaka. Atofautishe chokoleti na kipande cha mti. Arudie tarakimu tatu baada ya kuzisikia. Aseme nyumba ni nini, farasi ni nini. Aeleze tofauti ya nzi na kipepeo. Mwishoni kabisa, aeleze tofauti ya dhana mbili zinazokaribiana mno, jambo ambalo hata baadhi yetu wanaisimu lingetutoa jasho. Mwaka wa 1908 waliyapanga upya kulingana na umri, kuanzia miaka 3, baada ya kuwajaribu watoto wapatao 200, ili mtoto aweze kusemwa kuwa amefikia kiwango cha wenzake wa miaka 6 au 7. Baadhi ya maswali yalikuwa ya kutisha: mtoto alielezwa habari ya msichana aliyekutwa amekatwa vipande 18, watu wakidhani amejiua, akatakiwa aseme upuuzi uko wapi. Ajabu hiyo hupungua tukijua kwamba Binet, pamoja na André de Lorde, aliandika pia tamthilia za vitisho kwa jukwaa la Grand-Guignol. Wapenzi wa tamthilia miongoni mwetu wamesahau kumdai.

Binet alikionea kipimo hiki shaka kuliko mtu mwingine yeyote. Alisisitiza kwamba hakipimi akili kama fundi apimavyo ubao kwa futi, bali huwapanga watoto kwa wakati ule tu, na kwamba hakina maana pale ambapo malezi ya watoto yametofautiana. Mwishoni mwa maisha yake alipata matokeo ya watoto wa tabaka la wasomi mjini Brussels, waliowatangulia wale wa mitaa ya makabwela wa Paris kwa takriban mwaka mmoja na nusu, hasa katika maswali ya lugha. Hakusema kwamba wa Brussels wamezaliwa bora. Alitazama nyumba walimotoka.

Hapa msomaji aniwie radhi nitoke njiani kidogo. Nilipata kumsindikiza mpwa wangu wa miaka mitano kwenye usaili wa kuingia darasa la kwanza, katika shule ambayo sitaitaja. Alionyeshwa picha ya theluji akaulizwa ni nini. Akasema pamba. Alama ikakatwa. Mtoto yule alikuwa ametumia akili yake yote juu ya kitu ambacho hakuwahi kukiona, na jibu lake lilikuwa na mantiki kuliko swali. Kisa hiki si cha mtu mmoja. Mwaka wa 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa watoto wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Watoto waliozijua vyema dawa za mitishamba, maarifa ambayo kwao ni uhai, walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati ya shuleni.

Tumrudie Binet. Kwake kipimo kilikuwa mlango wa kuingilia, na kazi ilikuwa ndani. Katika kitabu chake cha 1909 kuhusu watoto aliwashutumu wanaodai kwamba kiwango cha akili ya mtu hakiwezi kuongezeka, akakiita kukata tamaa kwao ukatili. Pamoja na walimu alibuni mazoezi ya kunyoosha akili. Ishara ikitolewa, darasa zima ligande kama sanamu. Vitu kadhaa vionyeshwe kwa sekunde chache, kisha viorodheshwe. Mtoto asiyeweza kukaa wala kusikiliza alifundishwa kwanza kukaa na kusikiliza, hesabu ingefuata. Mwaka huohuo sheria ya madarasa maalum ilipitishwa. Kipimo kilirekebishwa tena mwaka wa 1911, na tarehe 18 Oktoba ya mwaka huo Binet akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka 54.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwaka wa 1912 Mjerumani William Stern aliugawa umri wa kiakili kwa umri wa kuzaliwa. Mwaka wa 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akakizidisha kigawe hicho kwa 100, na ile nambari ijulikanayo kama IQ ikaenea duniani. Terman aliamini kwamba akili ni urithi. Kuanzia 1921 alikusanya watoto zaidi ya 1,500, wengi wao wa California, waliopata 135 au zaidi, akawafuatilia maishani mwao. Wavulana wawili waliopimwa wakaachwa nje ya kundi hilo, William Shockley na Luis Alvarez, walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Uingereza nayo, baada ya sheria ya elimu ya 1944, iliwapima watoto wa miaka 11 na kuwatenga katika shule tofauti. Jiji la New York, hadi mwaka wa 2021, liliwapa watoto wa miaka 4 mtihani wa kuingia madarasa ya wenye vipawa, na wazazi wenye uwezo wakawalipa wakufunzi wa kuwaandaa vitoto hao.

Simon aliishi hadi 1961, akayaona mengi kati ya hayo. Kwake, ile nambari moja ilikuwa usaliti wa kazi yao.

Baada ya kifo cha Binet, maabara yake katika shule ya mtaa wa Grange-aux-Belles, Paris, ilibaki mikononi mwa Simon. Kiasi cha mwaka wa 1920 alimpa kijana mmoja wa Uswisi kazi ya kuwapitisha watoto wa shule hiyo katika majaribio ya kufikiri yaliyotungwa na Mwingereza Cyril Burt, ili alama za Kifaransa zilinganishwe sawasawa. Kijana huyo alichoshwa na alama. Akawa anawaketisha wale waliokosea na kuwauliza, mmoja baada ya mwingine, wamefikaje kwenye jibu lao. Jina lake lilikuwa Jean Piaget.