Karani aliyeanika unafiki wa biashara ya mpira Kongo

KATIKA miji ya Busia na Malaba, ambako malori hupanga foleni ndefu yakielekea Uganda, Rwanda na hata mashariki mwa Kongo, mawakala wa forodha wanajua kwamba stakabadhi za shehena husema mengi kuliko kinywa cha mwenye mali. Zaidi ya karne moja iliyopita, karani mmoja barani Ulaya aliisoma Kongo hiyo hiyo kupitia stakabadhi za aina hiyo, na aliyoyagundua yalimtikisa mfalme.

Karani huyo ni Edmund Dene Morel, aliyezaliwa Paris, Ufaransa, Julai 10, 1873, kwa baba Mfaransa na mama Mwingereza. Babake alifariki Morel akiwa bado mtoto mdogo. Mnamo 1891 aliajiriwa na kampuni ya meli ya Elder Dempster mjini Liverpool, iliyosafirisha mizigo kati ya Kongo na bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Kwa kuwa alikifahamu Kifaransa, alitumwa Antwerp kusimamia shughuli hizo.

Wakati huo Kongo ilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyewaaminisha walimwengu kwamba alikwenda kukomesha biashara ya watumwa na kuleta ustaarabu. Mwanzoni hata Morel aliyaamini hayo na kuyatetea magazetini. Vitabu vya hesabu ndivyo vilivyomfumbua macho. Meli ziliwasili zikiwa zimesheheni utomvu wa mpira na pembe za ndovu za thamani kubwa. Ziliporejea Kongo zilibeba hasa bunduki, risasi na maafisa wa kijeshi. Bidhaa za kuwalipa waliogema mpira huo hazikuonekana. Morel akahitimisha kwamba wenyeji walifanyishwa kazi kwa mtutu wa bunduki.

Alipomweleza mkubwa wake, Sir Alfred Jones, ambaye pia alikuwa konsuli wa heshima wa Kongo mjini Liverpool, aliahidiwa cheo ng'ambo na mshahara mnono. Alikataa. Mwaka wa 1901, akiwa na familia ya kulisha, aliacha kazi, na mnamo 1903 akaanzisha gazeti lake, West African Mail.

Mwaka huo huo, konsuli wa Uingereza Roger Casement alisafiri bara Kongo na kuthibitisha kwamba kampuni zilizopewa maeneo ya mpira, kama vile Abir, ambamo dola ya Leopold ilikuwa na hisa, ziliwateka wanawake ili kuwalazimisha waume zao kuingia msituni. Ripoti yake ilichapishwa mapema 1904. Machi mwaka huo, Morel aliunda Chama cha Mageuzi ya Kongo. Picha za mmishonari Alice Seeley Harris za watu waliokatwa mikono zilionyeshwa katika mikutano ya hadhara.

Si Wazungu pekee waliofanya kazi hiyo. Hezekiah Andrew Shanu, mfanyabiashara kutoka eneo la Lagos aliyeishi Boma, alimpelekea Morel nyaraka za mahakama kwa siri. Alipogunduliwa, watumishi wa serikali walikatazwa kununua katika maduka yake. Biashara ikaporomoka, na Julai 1905 akajiua.

Leopold naye hakukaa kimya. Aliwalipa wanahabari na kuunda vyama vya bandia. Tume aliyoiteua mwenyewe ilipothibitisha maovu hayo mnamo 1905, shirika lililojiita la wamishonari liliyagawia magazeti ya Uingereza muhtasari wa ripoti hiyo. Baadaye ikabainika kuwa muhtasari uliipotosha ripoti na shirika lenyewe lilikuwa jina tupu. Marekani alikodiwa wakili wa San Francisco, Henry Kowalsky, ampigie debe mfalme miongoni mwa wanasiasa. Desemba 1906 gazeti la New York American lilichapisha barua zake, na umma ukajua kwamba mtumishi wa kamati ya Seneti alikuwa amehongwa.

Shinikizo lilizidi hadi Novemba 1908, Leopold alipolazimika kuikabidhi Kongo kwa taifa la Ubelgiji. Kabla ya hapo aliamuru kumbukumbu za utawala wake zichomwe moto. Ukoloni haukuisha kwa hatua hiyo, na Morel alivunja chama chake mnamo 1913 tu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka aliipinga siri katika diplomasia, na mnamo 1917 akafungwa miezi sita. Mwaka wa 1922 alimshinda Winston Churchill katika uchaguzi wa ubunge Dundee. Hata hivyo, jina lake lina doa. Mnamo 1920 mtetezi huyu wa Wakongo aliandika makala ya ubaguzi dhidi ya wanajeshi Waafrika wa Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Alifariki Novemba 12, 1924.

Doa hilo halifuti somo lake. Kampuni za leo hujitangaza kwa miche ya miti na mabango ya kijani, na nyingine huwakodi watu wa kuwashawishi wabunge faraghani. Morel alionyesha kwamba chui aliyevaa ngozi ya kondoo hutambuliwa kwa shehena aliyobeba. Ni nini kinachoingia, nini kinachotoka, na nani analipwa? Maswali hayo hata karani wa mpakani anaweza kuyauliza.