Ahmad bin Majid na Tuhuma ya Malindi

Huku pwani, mtoto akisomeshwa tarikhi huambiwa kwamba Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498 alipewa rubani Mwarabu, jina lake Ahmad bin Majid, naye ndiye aliyemvusha mpaka Bara Hindi. Wengi wetu tumeyameza maneno haya bila ya kuyatafuna. Na uzito wake si mdogo. Mwaka wa 1505 Wareno walirudi na mizinga, wakaipiga Kilwa, wakaichoma moto Mombasa, na hawakung'oka Mombasa mpaka mwaka wa 1698. Kumwambia mtu kuwa ndiye aliyewafungulia mlango watu hao ni kumtwika mzigo mzito, tena hali yumo kaburini hawezi kujitetea.

Basi na tutazame huyu bwana alikuwa nani.

Alizaliwa Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo, kiasi cha miaka ya 1430. Bahari aliirithi. Babu yake alikuwa mwalimu wa vyombo, na baba yake vile vile, tena baba alitunga beti zaidi ya elfu kueleza njia na miamba ya Bahari ya Sham. Mwalimu hapa si wa chuoni. Zama hizo nahodha alikuwa na amri yake, ama mwalimu ndiye aliyejua nyota, pepo na alama za nchi kavu, na bila yeye chombo kilikuwa kipofu. Ahmad alipokua aliupitia utungo wa baba yake na kuusahihisha alipoona umekosea. Si kila mwana athubutuye hayo!

Mwaka wa 1462 naye alitunga utungo wake mkubwa, Hawiya, beti zaidi ya elfu kwa bahari ya rajazi, na zote ni elimu ya kusafiri. Na kwa nini shairi? Mtu aliye juu ya sitaha usiku, mawimbi yakimpiga, hana nafasi ya kufunua kitabu. Lenye mizani na vina hukaa kichwani. Watungaji wa siku hizi wadhanio kuwa shairi ni la mapenzi na harusi tu, na wasikie.

Mwaka wa 1490 alimaliza kitabu chake cha nathari, Kitab al-Fawaid. Humo ameeleza dira, manzili 28 za mwezi, misimu ya kutweka tanga, na kupima nyota. Kipimo kilikuwa kidole. Mtu akishika kibao mbele ya jicho, ukingo wa chini ukigusa upeo wa bahari na wa juu ukigusa nyota, alijua nyota iko vidole vingapi, na duara nzima ya mbingu ni vidole 224. Nyota ya Jaa ikipanda kidole kimoja, chombo kimekwenda kaskazini zamu nane, na kila zamu ni saa tatu.

Unyenyekevu hakuwa nao mwingi. Alijihesabu kuwa wa nne baada ya mabingwa watatu wa kale waitwao Simba wa Bahari, kisha akawakosoa kwamba walikusanya ya wenzao kuliko waliyoyaona kwa macho yao. Lakini dini alikuwa nayo. Alihiji, akatunga shairi la kutafutia kibla, na akawausia mabaharia wakae katika tohara, kwani aliye chomboni ni mgeni wa Mwenyezi Mungu.

Mtu huyo ndiye aliyeambiwa kuwa alilewa! Tuhuma ilitoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka aliyefariki mwaka wa 1582. Aliandika miaka mingi baada ya tukio, kwamba Ahmad bin Majid alileweshwa na mkubwa wa Mafaranji, akamwonyesha njia. Katika miaka ya 1920 mwanachuoni wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, aliyashika maneno hayo akayaeneza, yakaingia vitabuni.

Ama Wareno wenyewe, ambao walikuwamo, hawamtaji. Shajara ya safari yasema kwamba da Gama alimzuia chomboni mtu wa karibu wa mfalme wa Malindi mpaka akaletewa rubani, na kwamba rubani huyo alikuwa Mkristo. Wareno wale waliwadhania Mabaniani kuwa Wakristo. Mwandishi wao Barros asema alikuwa Mwislamu wa Gujarat, jina lake Malemo Cana. Hilo Malemo ni mwalimu tu. Wanahitilafiana juu ya dini yake, lakini Ahmad bin Majid wa Julfar hayumo.

Wala njia ile haikuwa siri. Vyombo kutoka Bara Hindi vilikuwa vimetia nanga Malindi siku zile zile, na upepo wa kusi ulikuwa waanza. Da Gama aling'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei alikuwa Calicut. Ahmad wakati huo alikwisha pita miaka sitini.

Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka wa 1500 hivi. Baada ya hapo hasikiki tena. Mwaka wa 1554 amiri wa Kituruki, Sidi Ali Reis, ambaye vyombo vyake viliharibiwa na tufani akakwama Gujarat, aliandika huko kitabu chake Al-Muhit. Alivitegemea vitabu vya Ahmad bin Majid, akamsifu kuwa ni mwaminifu kuliko waalimu wote wa bahari ile. Habari ya Malindi hakuitaja.