Hans Christian Andersen: Dogo msikivu aliyekuja kuwa bingwa wa hadithi

Leo tumkumbuke jamaa mmoja ambaye hadithi zake wengi tumezisikia bila kumjua mwenyewe. Ile ya mfalme aliyetembea uchi huku watu wakimsifia nguo mpya? Ni yake.

Andersen alizaliwa tarehe 2 Aprili 1805 mjini Odense, Denmark. Baba alikuwa fundi viatu, mama alifua nguo za watu na hata kusoma hakujua. Hela hakuna, ila baba alipenda vitabu. Alimsomea dogo Alfu Lela Ulela, zile zile ambazo huku pwani nasi tunazijua, akamtengenezea na vikaragosi vya kuchezea maigizo.

Bibi yake alifanya kazi kwenye bustani ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Humo kulikuwa na chumba ambacho vikongwe masikini walisokota nyuzi huku wakisimuliana hadithi za kale. Basi dogo kazi yake ikawa kujipenyeza humo na kutega masikio.

Mwaka 1816 baba akafariki. Mama akataka kijana awe mshonaji nguo, yeye akakataa. Mwaka 1819, akiwa na miaka 14 tu, akaenda Copenhagen peke yake kutafuta kazi ya kuimba na kuigiza. Akasota kweli kweli. Sauti nayo ikavunjika, uimbaji ukaishia hapo.

Bahati nzuri Jonas Collin, mmoja wa wakubwa wa jumba la maigizo la kifalme, akamwombea msaada wa mfalme ili asome. Mwaka 1822, ana miaka 17, akaketi darasa moja na watoto wadogo. Mwalimu mkuu alimkatisha tamaa na kumkataza kuandika mashairi. Alivumilia, na mwaka 1828 akafaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu.

Mwaka 1835 kikatoka kijitabu chake cha kwanza cha hadithi za watoto, na baadhi ni zile alizozisikia utotoni. Inauma kwamba mama yake alishafariki mwaka 1833, hakukiona.

Andersen alifariki tarehe 4 Agosti 1875, kaacha hadithi zaidi ya 150. Siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto.

Kwa hiyo wewe uliyemaliza shule na huna mtaji, hadithi za bibi yako unazikumbuka? Au umemwacha azeeke nazo? Tupe maoni yako.