Benito Viñes, Mchunguzi wa Njia za Vimbunga

Tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Minazi na mikarafuu mingi iling'olewa, nyumba zilibomoka, na meli zilizotia nanga bandarini zilizama au zilitupwa ufukweni. Watu wa pwani yetu walizijua vizuri pepo za kaskazi na kusi. Walijua majira ya kusafiri na majira ya kukaa. Lakini kimbunga si kama kaskazi. Hakiji kila mwaka, wala hakifuati njia moja. Siku zile hapakuwa na kituo ambacho kingeweza kuwaonya wakazi wa Unguja kwamba hatari ilikuwa inakuja kutoka baharini.

Wakati huohuo, mbali sana na kwetu, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, palikuwa na mtu aliyekuwa akijifunza jinsi ya kutambua kimbunga kabla hakijafika. Jina lake lilikuwa Benito Viñes. Katika somo hili tutajifunza maisha yake na kazi aliyoifanya.

Utoto na masomo yake

Benito Viñes alizaliwa tarehe 19 Septemba, 1837, katika kijiji cha Poboleda, sehemu ya Catalonia, nchini Hispania. Alipokuwa kijana alijiunga na Wajesuiti, ambao ni shirika la mapadri wa Kikatoliki. Pamoja na masomo ya dini alijifunza hisabati na fizikia, akawa mwalimu. Mwaka 1868 yalitokea mapinduzi katika Hispania, na Wajesuiti wakafukuzwa nchini humo. Viñes alikwenda Ufaransa, akamalizia masomo yake huko.

Mwaka 1870 alipelekwa Havana, mji mkuu wa Kuba. Kuba ni kisiwa kikubwa kilichopo kati ya Bahari ya Karibi na Ghuba ya Meksiko. Wakati huo kisiwa hicho kilikuwa koloni la Hispania. Utajiri wake ulitokana na mashamba ya miwa, na kazi ngumu ya mashambani ilifanywa na watumwa waliotoka Afrika na wazao wao. Viñes alikabidhiwa kituo cha kuchunguza hali ya hewa kilichokuwa katika shule ya Belén, mjini Havana.

Hakukaa muda mrefu kabla ya kuona nguvu za vimbunga. Mwezi Oktoba mwaka ule ule wa 1870 kimbunga kiliupiga mji wa Matanzas, ulio mashariki ya Havana. Mito ilifurika, bahari ikapanda, na mamia ya watu wakafa. Wengi wao hawakujua lolote mpaka maji yalipofika milangoni mwao.

Kimbunga ni nini?

Kabla ya kuendelea, yafaa tujue kimbunga ni nini. Jua likiipasha bahari joto mpaka maji ya juu yakafikia kiasi cha nyuzi 26 za Selsiasi au zaidi, mvuke mwingi hupanda angani. Mvuke huo ukifika juu hupoa na kugeuka kuwa mawingu na mvua. Unapogeuka hivyo, hutoa joto. Joto hilo huifanya hewa izidi kupanda, na mgandamizo wa hewa pale chini hupungua. Ndipo hewa ya pande zote hukimbilia mahali hapo. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja bali hupinda, na upepo wote huanza kuzunguka kama gurudumu. Mahali panapofaa, mzunguko huo huzidi nguvu ukawa kimbunga. Katikati yake huwa na sehemu tulivu iitwayo jicho la kimbunga.

Kaskazini ya ikweta, kama vile Kuba, upepo wa kimbunga huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Kusini ya ikweta, kama kwetu, huzunguka sawa na mishale ya saa.

Kazi ya kila siku

Viñes aliamini kwamba jambo kubwa kama kimbunga haliwezi kuja bila dalili. Kwa hiyo alijitia katika kazi ya kuzitafuta dalili hizo. Kila siku, tangu kabla ya mapambazuko hadi usiku, alisoma vipimo vyake mara nyingi, akaandika daftarini. Alisoma barometa, ambayo hupima mgandamizo wa hewa. Alisoma kipimajoto. Alitazama upepo unatoka upande gani na mawingu yanakwenda upande gani. Zaidi ya hayo, alizisoma kumbukumbu zilizoandikwa kituoni hapo kabla yake, pamoja na habari za dhoruba zilizotangulia.

Kutokana na uangalifu huo aligundua jambo muhimu sana. Karibu na ardhi, upepo wa kimbunga huvutwa kuelekea katikati. Lakini juu sana hewa hutoka katikati na kusambaa nje. Hewa hiyo ya juu huchukua mawingu meupe, membamba, yanayofanana na manyoya ya ndege. Mawingu hayo huweza kuonekana kimbunga kingali mbali sana, wakati anga bado ni safi na watu wanaendelea na shughuli zao. Yakitandazwa kama mikuti ya mnazi, mashina ya mikuti hiyo huonyesha upande kilipo kimbunga. Kwa kuyatazama mawingu hayo saa baada ya saa, Viñes aliweza kukisia kimbunga kiko wapi na kinaelekea wapi.

Onyo la mwaka 1875

Mwezi Septemba 1875 dalili zilianza kuonekana. Viñes alizipima moja baada ya moja. Hebu fikiri mzigo aliokuwa nao. Kama angewaonya watu na kimbunga kisije, meli zingekaa bandarini bure, wafanyabiashara wangepata hasara, na siku nyingine watu wasingemsikiliza. Kama angenyamaza na kimbunga kikaja, watu wangekufa. Naye alijua kwamba hakuna dalili iwezayo kumhakikishia njia ya kimbunga.

Tarehe 11 Septemba, 1875, alitoa onyo, nalo likatangazwa katika magazeti ya Havana. Siku mbili baadaye kimbunga kilifika Kuba, kwanza katika pwani ya kusini. Watu waliona kwamba onyo lilikuwa la kweli. Tangu hapo mabaharia, wafanyabiashara na wakazi wa mji walizoea kungoja taarifa za kituo cha Belén kila msimu wa vimbunga.

Kimbunga hicho hakikuishia Kuba. Kiliingia katika Ghuba ya Meksiko, na tarehe 16 Septemba kikaupiga mji wa Indianola, katika jimbo la Texas, Marekani. Mji huo uliharibiwa vibaya na watu wengi walikufa maji.

Kuifuata njia ya kimbunga

Viñes hakuridhika kwa kuwa alibahatisha mara moja. Mwaka 1876 vilitokea vimbunga vingine. Baada ya kupita kwake, alisafiri katika Kuba na hata kisiwa cha Puerto Rico kuyachunguza maeneo yaliyoharibiwa. Alitazama miti iliyoanguka imelalia upande gani. Aliwauliza watu upepo ulianza kuvuma kutoka wapi na uligeuka saa ngapi. Kwa njia hiyo aliweza kuchora katika ramani safari ya kila kimbunga. Mwaka 1877 alitoa kitabu chake juu ya vimbunga hivyo.

Aliona kwamba vimbunga vingi vya huko huanza kwa kwenda magharibi, kisha hupinda kuelekea kaskazini, halafu kaskazini-mashariki. Aliona pia kwamba mahali pa kupinda hubadilika kwa miezi. Vimbunga vya mwezi Agosti hupinda mbali zaidi upande wa kaskazini kuliko vile vya Juni na Oktoba.

Kwa nini kimbunga hupinda? Kimbunga hakijiongozi chenyewe. Huchukuliwa na pepo kubwa zinazokizunguka, kama vile dumu tupu linavyochukuliwa na mto. Mkondo wa mto ukigeuka, dumu nalo hugeuka. Pepo hizo kubwa hubadilika siku hadi siku, na ndiyo maana njia ya kimbunga ni ngumu kutabirika. Mwezi Septemba 1888 kimbunga kimoja kilipita Kuba bila kupinda kaskazini. Kiliendelea magharibi na kusini kidogo, kikaua mamia ya watu. Kanuni ya vimbunga vingi haikuwa kanuni ya kila kimbunga.

Msaada wa telegrafu

Mtu mmoja aliye mahali pamoja huona sehemu ndogo tu ya anga. Viñes alilijua jambo hilo, akaomba msaada. Wakati huo visiwa vya Karibi vilikuwa vimeunganishwa kwa telegrafu, yaani simu ya waya iliyopeleka maandishi. Watu wa visiwa vya mashariki, kama vile Barbados, Trinidad na Puerto Rico, walipeleka Havana habari za upepo, mawingu na barometa. Kwa kuwa vimbunga vingi hutoka mashariki, habari za visiwa hivyo zilifika Havana kabla ya kimbunga chenyewe. Kila habari mpya ilipofika, Viñes aliweza kuona kama kimbunga kilikuwa kikifuata njia aliyoidhania au kimegeuka.

Viñes aliendelea na kazi hiyo hadi mwisho wa maisha yake. Alifariki mjini Havana tarehe 23 Julai, 1893, muda mfupi baada ya kumaliza kuandika kitabu chake cha mwisho juu ya vimbunga.

Baada ya kifo chake

Mapadri wengine waliendeleza kazi yake katika kituo cha Belén. Mwezi Septemba 1900 kimbunga kilipita Kuba. Wachunguzi wa Havana waliona kwamba kitaelekea Texas. Lakini idara ya hali ya hewa ya Marekani ilidhani kwamba kitapinda kaskazini kuelekea Florida. Tena idara hiyo ilikuwa imezuia taarifa za vimbunga za Wakuba zisipelekwe kwa telegrafu. Tarehe 8 Septemba, 1900, kimbunga kiliupiga mji wa Galveston, Texas. Bahari iliufunika mji huo, na watu zaidi ya 6,000 walikufa. Hapo twaona kwamba elimu haiwaokoi watu ikiwa wanaoihitaji hawapewi, au wakipewa hawaisikilizi.

Faida ya kazi hiyo kwetu

Leo wataalamu hutumia setilaiti, ndege na kompyuta. Hata hivyo hawachori njia ya kimbunga kama mstari mmoja. Huchora eneo jembamba mwanzoni, linalozidi kupanuka mbele, kwa sababu kila siku inayozidi kwenda mbele huongeza mashaka. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kilianza kama dhoruba iliyoingia Msumbiji. Kilirudi baharini, kikapata nguvu, kisha kikageuka tena na kuupiga mji wa Beira. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea pwani ya Tanzania. Wataalamu wetu walitoa tahadhari mapema, na tarehe 4 Mei kikafika Mafia kikiwa kimeanza kupungua nguvu.

Ukisikia tahadhari, usingoje mpaka uone mawimbi. Na kama kimbunga kitageuka njiani, usiwacheke waliokuonya. Waliona hatari ingali mbali, wakasema walichokiona wakati wa kujiokoa ungalipo. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Benito Viñes.

Maswali

1. Kwa nini upepo wa kimbunga huzunguka badala ya kwenda moja kwa moja?
2. Viñes alijifunza nini kutokana na mawingu ya juu sana?
3. Kwa nini habari kutoka Barbados na Trinidad zilikuwa na faida kwa watu wa Havana?
4. Eleza kwa nini njia ya kimbunga ni vigumu kuijua kwa hakika.
5. Upepo wa kimbunga Hidaya ulizunguka upande gani? Toa sababu.

Kazi ya kufanya

Tengeneza barometa. Chukua chupa tupu yenye mdomo mpana. Ufunike mdomo wake kwa kipande cha puto kilichovutwa sawasawa, kisha ukifunge kwa uzi ili hewa isipite. Gundisha ncha moja ya mrija katikati ya puto hilo. Simamisha kadi yenye mistari mbele ya ncha ya pili. Weka chombo chako kivulini, mahali pasipobadilika joto sana. Mgandamizo wa hewa ukizidi, puto husukumwa chini na ncha ya mrija hupanda. Mgandamizo ukipungua, ncha hiyo hushuka. Andika vipimo asubuhi, mchana na jioni kwa muda wa wiki mbili, pamoja na hali ya mawingu na upepo. Linganisha daftari lako na la mwenzako.